Kabla hujanunua mche wowote, kagua visiki vilivyomo shambani kwako

Mkulima wa Chilonwa (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Humu jukwaani kuna nyuzi nyingi za kujikwamua kimaisha: kuku, mashine za kukoboa, viwanja. Kuna nyingine za ukame na tabianchi, ambako tunaishia kuwalaumu wakubwa. Leo naleta jambo ambalo limebeba yote mawili. Linakuongezea chakula, kuni na kipato wewe mwenyewe, na linaiponya ardhi ambayo watoto wa jirani yako watakuja kuilima. Mtaji wake ni panga lenye makali na vipande vya kitambaa kuukuu.

Nazungumzia kurudisha miti kutoka kwenye visiki. Huku Dodoma wengi tunaifahamu kama Kisiki Hai. Tangu 2018 shirika la LEAD Foundation, likishirikiana na Justdiggit ya Uholanzi, limekuwa likiifundisha kijiji kwa kijiji. Mimi si mtumishi wao wala silipwi na mtu. Ni mkulima wa mtama, uwele na karanga, na ninayoandika nayafanya shambani kwangu.

Pita shamba lolote la huku mwezi wa kumi, kabla ya mvua. Utaona vichaka vifupi, vya kufika gotini, vimetapakaa kwenye mabua makavu. Wengi tunavichukulia kama uchafu wa kusafisha msimu ukikaribia. Sasa chukua jembe, ukwangue udongo pembeni ya kimoja. Utakuta kisiki kinene kama paja. Huo ni mti uliokatwa zamani, pengine na mzee wako. Shina liliondoka, mizizi haikufa. Imeshajichimbia hadi kwenye unyevunyevu ambao mche wa kitaluni utachukua miaka kuufikia, na mingi hukauka kabla haijaufikia.

Kila mwaka kisiki kinatoa machipukizi kumi, ishirini, yote yanagombea chakula kilekile. Mbuzi wanapita, wanakula ncha. Novemba mkulima anafyeka, anachoma, anapanda. Kisiki kinaanza upya. Kuna visiki vimekaa katika hali hiyo miaka thelathini, vinachipua tu na kukatwa.

Namna ya kuvisaidia ni hii. Kiangazi, kabla ya mvua, chagua visiki unavyotaka viwe miti. Katika kila kisiki angalia machipukizi manene, yaliyonyooka, yaliyotoka chini karibu na udongo. Bakiza mawili au matatu, ukiweza yawe yanatazama pande tofauti. Mengine kata. Hapa watu wengi huharibu: wanapiga panga kutoka juu kwenda chini, gamba linachanika hadi kwenye shina, kidonda kinabaki wazi na mchwa wanaingia. Kata kutoka chini kwenda juu, pigo moja safi, panga likiwa limenolewa. Kisha kwenye yale uliyobakiza ondoa matawi ya chini, karibu nusu ya urefu, uache kishungi cha juu. Usiondoe yote, maana mti bila majani hauna cha kujilishia. Majani uliyopunguza tandaza chini ya mti, fito peleka nyumbani. Mwisho, funga kitambaa chekundu, ili anayelima, anayechunga na mtoto anayetafuta kuni wote wajue kwamba mti huu una mwenyewe. Baada ya hapo ni kurudi kila baada ya miezi michache kupunguza vinavyochipua upya.

Ukiupa mti misimu miwili ya mvua bila kuuchezea, unashangaa. Mgunga uliokuwa unafika gotini unampita mtu urefu. Hapa kwetu mvua kwa mwaka ni kama milimita 500 hadi 600, tena kwa msimu mmoja tu kuanzia Desemba hadi Aprili, na mti huo haujamwagiliwa hata ndoo moja.

Sasa kwa nini nasema ni jambo la dunia nzima? Njia hii ilipata umaarufu Niger, nchi kavu kuliko Dodoma. Mwaustralia mmoja, Tony Rinaudo, alikwenda Maradi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupanda miti. Kitalu baada ya kitalu, miche mingi ikafa. Mwaka 1983 alikuwa amebeba miche kwenye gari, akasimama kupunguza upepo wa matairi ili apite kwenye mchanga. Akatazama kichaka kilichokuwa karibu, akakisogelea, akayatambua majani: ulikuwa mti uliokatwa, unajaribu kurudi. Jangwa lote alilokuwa analiona tupu lilikuwa na mizizi chini. Miaka 20 hivi baadaye, picha za setilaiti zilionyesha kwamba wakulima wa Niger wamerudisha miti kwenye takribani hekta milioni 5, na inakadiriwa ni miti milioni 200. Haikupandwa. Wakulima wenyewe waliiacha ikue, kila mmoja shambani kwake. Mwaka 2018 Rinaudo alipewa tuzo ya Right Livelihood huko Sweden.

Lakini msiniambie ni panga tu lililofanya kazi. Tangu enzi za mkoloni Mfaransa, miti ya Niger ilihesabiwa kuwa mali ya serikali, hata ile iliyo shambani kwako. Mkulima aliyepogoa angeweza kupigwa faini, hivyo alichokiona kina faida ni kuumaliza mti mapema kabla haujawa shida. Pale maofisa wa misitu walipoanza kumwachia mkulima avune mti aliouhudumia, watu walianza kuitunza. Naliweka hili wazi kwa sababu ndilo ninaloliamini: mtu hufanya jema kwa dunia kwa moyo na kwa muda mrefu pale ambapo na yeye ana fungu lake ndani yake. Kampeni za "panda mti, okoa dunia" zinazosahau fungu la mkulima zimejaza nchi yetu miche iliyokufa.

Karibuni kwa maoni, hasa wenye uzoefu wa maeneo mengine. Wenye kupinga pia karibuni.

Nguzo ya Kati

Asante kwa uzi, mkuu. Mimi ni wa Bahi, nina maswali mawili ya mtu anayelima. La kwanza, kwelea kwelea. Tunapigana nao kwenye mtama na mpunga kila mwaka, sasa unataka tuwaongezee pa kutua? La pili, kivuli. Mtama ukiwa chini ya mti hautoi suke la maana.

Mkulima wa Chilonwa

Maswali ya haki kabisa, mkuu.

Kwelea wakizaliana hupenda vichaka vya miiba vilivyosongamana, maelfu kwa pamoja. Mti mmojammoja uliopogolewa na kuachiana nafasi si makazi yao, ingawa kutua watatua, sitakudanganya. Kwangu nimeacha miti mingi zaidi upande wa karanga na kwenye mipaka, na michache upande wa mtama. Wakati wa kuamia shamba, watoto wanapata kivuli cha kukaa, na hilo si jambo dogo kwa anayelijua jua la Machi. Bundi nao wamerudi, na mwenye ghala la karanga anajua thamani ya bundi kwa panya.

Kivuli kinatokana na kupogoa. Mti ulionyanyuliwa matawi, jua la asubuhi na la jioni linapita chini yake. Wale wa Niger wengi wana miti kama 40 hivi kwa hekta na bado wanavuna uwele. Halafu kuna mti mmoja jamii ya migunga, Faidherbia albida, ambao Mungu aliuumba kwa ajili ya mkulima: mvua zikianza unapukutisha majani, kiangazi unajaa majani. Wakati mazao yanahitaji jua, wenyewe uko uchi. Majani yake yanarutubisha udongo, maganda yake ni chakula cha mifugo. Ukiukuta shambani kwako usiuguse kwa shoka.

Ngosha wa Kishapu

Mleta uzi, umenikumbusha kwetu. Vijana wa sasa hawajui kwamba mkoa wa Shinyanga ulikuwa umeisha kiasi kwamba Mwalimu aliuita jangwa la Tanzania. Mkoloni alifyeka misitu kwa ajili ya kumaliza mbung'o, ikaja pamba, mifugo ikaongezeka, halafu miaka ya 1970 vijiji vya ujamaa vikawatoa watu kwenye maeneo waliyokuwa wameyahifadhi.

Sisi Wasukuma tulikuwa na ngitili. Mzee anatenga kipande cha malisho, mvua zikianza kinafungwa, hakuna ng'ombe kuingia. Majani yanakua, miti inakua. Kiangazi kikikaza, huko mwezi wa saba au wa nane, ndipo kinafunguliwa kidogokidogo kwa ajili ya ndama, wagonjwa na maksai wa kulimia. Mwaka 1986 serikali ilianza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mwanzoni waligawa miche kama kawaida ya miradi. Baadaye wakawasikiliza wazee, wakaamua kuziinua ngitili. Mwaka ule ngitili zilizokuwa zimebaki zilihesabiwa kwa mamia tu ya hekta. Mradi ulipofungwa 2004 zilikuwa zimefika mamia ya maelfu ya hekta, nyingine za familia, nyingine za kijiji. Mwaka 2002 HASHI ilitambuliwa kwenye tuzo ya Equator.

Kilichozilinda hakikuwa polisi. Ni dagashida, baraza la wazee na wananchi, pamoja na sungusungu. Aliyechungia ngitili ya mwenzake alilipishwa, na aliyekataa kulipa alitengwa, hakuna wa kumsaidia hata kwenye msiba wake. Kwetu hakuna adhabu nzito kama hiyo.

Mfugaji Halisi

Nimesoma mpaka hapa. Kila uzi wa miti humu unaishia kwa mfugaji. Sisi baada ya mavuno tunaingiza mifugo kwenye mabua, ndivyo ilivyokuwa toka babu, na samadi inabaki shambani kwenu bure. Sasa mkifunga vitambaa kila kona, ng'ombe tupeleke wapi? Barabarani?

Ngosha wa Kishapu

Mkuu, mimi ni mfugaji pia, ndiyo maana nimeizungumzia ngitili. Mwaka wa kiangazi kirefu asiye na ngitili ndiye anayeuza ng'ombe kwa bei ya mbuzi mnadani. Miti hiyo inaangusha maganda mwezi wa nane na wa tisa, wakati majani yamekwisha kabisa. Mbuzi wako wanayafuata wenyewe.

Mkulima wa Chilonwa

Naongezea. Ng'ombe hawana shida sana na mti uliokwisha kupita kiuno. Hatari ni mbuzi, tena katika mwaka wa kwanza. Kijijini kwetu tulikubaliana na wafugaji hivi: mabua waendelee kula, lakini mbuzi wasiachiwe bila mchungaji, na machipukizi mapya tunayazungushia matawi ya miiba tuliyoyakata pale pale kwenye kisiki. Makubaliano yalifanyika kwenye mkutano wa kijiji, wafugaji wakiwepo na kusikilizwa. Bila wao kuwepo tungekuwa tunapelekana baraza la kata mpaka leo.

Mtoto wa Kondoa

Hilo la kusikilizwa lina uzito kuliko mnavyodhani. Kwetu Kondoa kulikuwa na mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza 1973 kwa fedha za Wasweden. Makorongo yalikuwa yanameza mashamba. Walijenga makinga maji, walipanda miti, hali haikubadilika sana. Mwaka 1979 likatoka agizo: mifugo yote itoke kwenye eneo lililoharibika. Ikaondolewa kweli, maelfu kwa maelfu.

Na ardhi ikapona, huwezi kukataa. Majani yalirudi ndani ya miaka michache, miti ikaota yenyewe kwenye miteremko iliyokuwa miekundu mitupu. Lakini waulize wazee wa huko uwasikie. Mtu aliamka akaambiwa ng'ombe wake, ambao ndio mahari, ndio akiba, ndio maziwa ya watoto, wasionekane tena. Wengine walihamishia mifugo kwa ndugu mbali, wasiione tena. Ukilinganisha na ngitili alizoeleza Ngosha, huku na huku ardhi ilipona, ila Shinyanga watu walijiona wenye mali, Kondoa walijiona wamevuliwa. Kwa hiyo mleta uzi, naunga mkono hoja yako ya fungu la mkulima, nikiongeza: na fungu la mfugaji.

Mama Nuru

Wanaume mmeandika kuhusu ng'ombe na sheria, sasa nisikilizeni kuhusu kuni.

Mimi niko Mpwapwa. Zamani tulikuwa tunatoka alfajiri kutafuta kuni mlimani tunarudi jua la utosi, mgongo umepinda, na wasichana wetu tunaenda nao kwa hiyo shule hawaendi siku hiyo. Tulipoanza kupogoa visiki vya shambani, kitu cha kwanza nilichokipata kilikuwa mzigo wa fito siku ileile. Sikungoja mti ukue. Kila nikirudi kupogoa napata tena. Ukiwa na visiki vya kutosha, unavigawa, mwezi huu upande huu, mwezi ujao upande ule, kuni hazikatiki na mti hauumii.

Kwa hiyo mkienda kufundisha kijijini, waiteni wanawake kwanza. Mwanaume anafikiria nguzo za kujengea na mbao, atangoja miaka. Mwanamke anaona faida jioni ileile, na yeye ndiye atakayeurudia mti kila mara. Halafu mfundishe pamoja na jiko banifu la udongo, maana fito ni nyembamba, kwenye mafiga matatu zinaisha haraka, kwenye jiko banifu zinapika maharage hadi yanaiva.

Mkulima wa Chilonwa

Mama Nuru, shikamoo na ahsante. Hilo la kuwaita wanawake kwanza nalichukua lilivyo.

Dada wa Tabata

Uzi mzuri sana ila wengine tumepanga chumba na sebule Dar, hatuna hata kibaraza cha kuweka chungu cha mchicha. Sisi tunachangiaje? Isiwe tu "toa hela kwa shirika".

Mkulima wa Chilonwa

Dada, watu wa mjini mna nguvu kubwa kuliko mnavyojua, na nyingine mnaitumia vibaya bila kujua.

Nianze na mashamba. Mfanyakazi wa Dar akipata mkopo ananunua ekari tano, kumi, Dodoma, Kilosa au Handeni. Simu ya kwanza anayopiga ni ya kutafuta vijana au greda "wasafishe shamba lote, wang'oe na visiki", ili akija na familia alione limekaa kama uwanja wa mpira. Analipa hela nyingi kung'oa mizizi ya miaka hamsini, halafu anarudi kununua miche kitaluni, ipandwe, imwagiliwe kwa boza. Nimeliona hili kwa jirani zangu zaidi ya mara moja na roho inaniuma kila mara. Kama wewe au bosi wako ana shamba, kazi yako ni kupiga simu moja tu: wasing'oe visiki, wachague na wapogoe.

La pili ni mkaa. Mkaa mnaotumia huko unatoka kwenye miti hii hii ninayoizungumzia, na magunia yanapita barabara kuu kila usiku. Serikali imetoa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Najua mtungi wa gesi ukiisha katikati ya mwezi mfuko ni mtupu, na mkaa unanunulika kwa kopo. Lakini maharage na makande, vinavyochukua saa nyingi, ndivyo vinavyokula mkaa. Ukiloweka maharage usiku kucha na ukayapikia kwenye jiko la umeme la presha, umeme unaotumika ni mdogo kuliko wengi wanavyodhani.

La tatu, una ndugu kijijini. Unapotuma hela ya kulimia, uliza na habari za visiki.

Mwanaukambani

Habari ndugu zetu wa Tanzania. Niko Makueni, Kenya, na nimefurahia mjadala huu sana.

Sisi Ukambani tulishaandikiwa kwamba tumekwisha. Miaka ya 1930 maofisa wa mkoloni walisema ardhi ya Machakos imeharibika kabisa na watu wamezidi. Kutoka wakati huo hadi 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na ardhi ikawa na miti na matuta mengi kuliko zamani. Siri ilikuwa fanya juu: unachimba mtaro kufuata kontua, yaani mstari wa usawa wa mteremko, udongo unautupa upande wa juu, unakuwa tuta. Mvua ikinyesha maji yanasimama, yanaingia ardhini, na baada ya miaka mteremko unajitengeneza kuwa ngazi. Kazi hii ilibebwa na vikundi vya mwethya, wengi wao akina mama, leo shamba lako, kesho langu. Mkoloni aliwahi kuwalazimisha watu kuchimba matuta na wakayachukia, wengine wakayaacha yabomoke baada ya uhuru. Yalirudi watu walipoona mahindi na matunda yanawalipa sokoni Nairobi.

Ushauri wangu kwenu: mti kutoka kwenye kisiki pamoja na kinga maji, vifanyeni pamoja. Pale ambapo udongo wa juu umeshachukuliwa na maji, hata kisiki kinasinzia. Na kuna ile mifano ya Burkina Faso, marehemu mzee Yacouba Sawadogo aliyefariki 2023. Alichimba mashimo madogo kwenye ardhi iliyokauka kama saruji wakati wa kiangazi, akaweka samadi, mvua zikaja akapanda mtama ndani yake. Mbegu za miti zilizokuwa kwenye samadi nazo zikaota, akaziacha. Alimaliza maisha yake akiwa na msitu. Majirani mwanzoni walisema amerukwa na akili, wakamchomea na shamba.

Nguzo ya Kati

Vipi kuhusu biashara ya hewa ukaa? Nasikia kuna vijiji vinalipwa mabilioni. Mti wangu wa kisiki utanilipa lini?

Mtoto wa Kondoa

Vijiji vinavyolipwa, kama vile vya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, vinalipwa kwa kutunza misitu mikubwa ya vijiji, yenye mipaka, mipango ya matumizi ya ardhi na miaka ya vipimo. Mti mmojammoja shambani ni hesabu nyingine kabisa. Nakushauri usiingie kwenye jambo hili ukiitegemea hela hiyo, na usisaini karatasi ya mtu yeyote anayekuja na gari akisema atanunua hewa ya miti yako, mpaka kijiji na halmashauri wameisoma.

Mkulima wa Chilonwa

Nakubaliana naye neno kwa neno. Kuni, fito, maganda, kivuli na udongo unaokaa na maji, hayo ndiyo malipo yangu na hayapitii kwa dalali.

Na kuhusu vibali, maana nimeulizwa faraghani: kupogoa shambani kwako kwa matumizi ya nyumbani haijawahi kuniletea shida, lakini ukitaka kuchoma mkaa au kupasua mbao za kuuza, nenda kwa ofisa misitu wa wilaya kabla hujakata, aina nyingine za miti ya asili zina masharti makali. Kijiji kikitaka nguvu ya kisheria, halmashauri ya kijiji inaandaa sheria ndogo, mkutano mkuu wa kijiji unaijadili, halafu inapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Inachukua muda. Sisi hatukuingoja, tulianza na makubaliano ya mdomo na muhtasari wa mkutano uliogongwa muhuri.

Kibarua Mwenye Nia

Mimi nimeguswa ila nimekwama. Nalima shamba la kukodi, ekari tatu, nje kidogo ya Dodoma mjini. Nalipia msimu kwa msimu. Nikipogoa visiki mwaka huu, mwakani mwenye shamba akaona miti imependeza akalichukua, au akaikata yote akachoma mkaa, mimi nimepata nini? Mleta uzi umesema mtu hutunza anapokuwa na fungu. Fungu langu liko wapi?

Mkulima wa Chilonwa

Mkuu, hili ndilo swali gumu kuliko yote kwenye uzi huu, na sina jibu la sheria. Wakulima wa kukodi ni wengi, na wakikaa nje ya jambo hili litaishia kwa wenye ardhi tu. Kwa msimu mmoja unachoweza kupata ni fito na majani, basi. Ili upate zaidi lazima mkodishaji akupe miaka. Ningekuwa wewe ningemwendea kabla ya msimu kuanza, nimpeleke shambani nimwonyeshe visiki, nimwambie: nipe miaka mitano kwa kodi hii hii, mimi nakurudishia shamba lenye miti. Mweleze faida yake kwanza, yako baadaye.

Mzee wa Area C

Nimekuwa msomaji tu humu, leo imenibidi niandike. Mimi ni mstaafu, nina ekari zangu Hombolo nakodisha kwa kijana mmoja kila mwaka. Kila mwaka namwambia asafishe vizuri, na nilikuwa namsifu akifyeka hadi panang'aa.

Baada ya kusoma swali la Kibarua nimempigia kijana simu. Nimemwambia mwaka huu asifyeke mpaka nifike. Tumezungumza: atakaa miaka mitano, kodi haipandi. Fito na kuni zote ni zake. Miti ikifika ya kuvunwa, tunakubaliana kwanza ni ipi, na tunagawana nusu kwa nusu. Akiondoka kabla ya miaka hiyo kwa sababu yangu mimi, namlipa nguvu zake. Yeye ameomba jambo moja, kwamba nikifa wanangu wasimwondoe, na mimi nimeona ana haki. Kwa hiyo Jumatatu tunakwenda kwa mtendaji wa mtaa, mwanangu mkubwa akiwa shahidi, tuandikishane.

Mleta uzi, naomba uniambie kwa ekari moja nibakize visiki vingapi, nimpe kijana hesabu kamili.

Mkulima wa Chilonwa

Shikamoo mzee. Kwa shamba la mtama, kumi na tano hadi ishirini kwa ekari vinatosha kuanzia, vikiachana hatua kumi na tano hadi ishirini, na kwenye mipaka ongezeni kadiri mnavyotaka. Mwaka wa kwanza bakizeni zaidi kidogo, kwa sababu vingine mbuzi watavipata. Panga linolewe kabla hamjaenda.